Nilisema Ni Gemu

Nilisema ni gemu. Nilisema nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa ndiva, mbele ya watu kama arobaini wenye majembe mabegani, na hakuna hata mmoja aliyebisha. Sisi Wapare tunaweza kubishania tawi la mti mpaka mahakama ya wilaya, lakini siku ile nilikubaliwa palepale. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba nimesema uongo.

Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo lililochimbwa kwa mikono na mababu. Maji ya kijito kinachotoka msituni hujaa humo usiku kucha, na kukipambazuka mwenye zamu huzibua tundu lililo chini ya ukuta, akayafuata maji mferejini hadi shambani kwake, akiziba michepuko ya wenzake kwa udongo na magome ya migomba. Kila mwaka tunaondoa matope kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, na pembe ikilia siku hiyo hata wagonjwa wanapona. Mimi ndiye mwenyekiti wa maji. Ni mzee wa kanisa pia. Nayasema haya si kwa kujisifu, ila msomaji ajue nilikuwa na kitu gani cha kupoteza.

Mwanangu wa mwisho alikuwa kidato cha nne, shule ya kutwa, kijana mkimya aliyejua kunyoosha tuta la tangawizi kuliko mimi. Msimu mmoja tangawizi ikashika bei, nikateremka Same mjini nikamnunulia simu ya kioo kikubwa. Nilimwambia ni ya masomo. Ukweli ni kwamba mwenye duka aliniita mzee wa kisasa, na mimi nikavimba kichwa.

Haukupita mwezi simu ikawa ya vita. Yeye na wenzake watatu walikuwa wakikaa juu ya jiwe nyuma ya jiko letu, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri, wamechomeka visikizio, wanapigana na watu wasiowajua. Mimi nachambua maharage, nasikia: "Mmoja kala. Mwingine yuko nyuma ya ukuta, mmalize huyo, mpige cha kichwa." Mtoto niliyemsimamia kipaimara. Siku moja niliinama nikaangalia. Watu wenye bunduki walikuwa wanakimbia kwenye mji uliobomoka, wanaanguka, wanatoweka, halafu wanaanza tena wakiwa wazima. Mke wangu naye akachungulia, akauliza hao watu wamekosana nini hata hakuna anayelima. Tulicheka wote, hata mwanangu.

Lakini sikuipenda gemu ile. Alianza kunijibu kwa mkato. Ukimwita anasema anakuja, na haji mpaka bando liishe. Alama zake za hesabu zilishuka. Kuna jioni walishindwa huko kwenye gemu yao, akairusha ndoo ukutani ikapasuka, na mimi nikakata fimbo ya mkahawa nikamchapa ili ajifunze kutokuwa na hasira. Wakati ule niliona nimetenda sawasawa kabisa.

Sisemi gemu ni malaika. Nimewasikia wasomi redioni wakibishana, mmoja anasema zinawafundisha watoto ukatili, mwingine anasema siyo, na mimi mkulima sijui nimshike yupi. Ninachokijua ni cha nyumbani kwangu.

Nina kaka mmoja tu, mkubwa wangu kwa miaka sita. Shamba lake liko juu ya langu, kwa hiyo maji yangu lazima yapite kwake, na kila zamu yangu yalikuwa yakifika yamepungua. Mara nyingine nilikuta jiwe na udongo mbichi pale penye mchepuko wake. Mbele za watu nilinyamaza, maana mwenyekiti wa maji hagombani na kaka yake. Niliimeza hasira mchana kutwa, halafu jioni, makande yakishapakuliwa na sala ikishasemwa, naitapika. Nilisema kaka yangu ni mwizi. Nilisema siku moja mtu atakipasua kile kichwa kwa mpini wa jembe na mimi sitalia. Nilisema na la Mama: kwamba Mama akiwa anakata roho alimwita siku mbili nzima, na yeye yuko Tanga kwenye mkonge, anastarehe, hakuja. La Mama nililisema mara nyingi kuliko yote, kwa sababu ndilo lililoniuma, na kwa sababu hakuna aliyeweza kunipinga. Siku zile nilikuwa peke yangu na Mama.

Mke wangu alikuwa akiniambia niache, mtoto anakula. Nilimjibu kwamba mtoto lazima awajue ndugu zake.

Asubuhi ya tukio zamu ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa na kikao cha wazee wa kanisa huko Same. Nikamtuma mwanangu. Nilimwambia ayafuate maji hatua kwa hatua, asiangalie simu, na akimkuta mtu mferejini asikubali kuonewa. Nikapanda pikipiki nikaondoka zangu.

Alimkuta baba yake mkubwa ameinama, anasukuma jiwe kwenye maji. Alimpiga kwa mpini mara mbili, moja kichwani, moja juu ya jicho. Majirani waliofika kwanza walisema mtoto alibaki amesimama ndani ya mfereji, maji yanampita miguuni, wala hakujaribu kukimbia. Kaka walimbeba kwa machela mpaka barabarani, wakapata gari la mizigo. Mimi niliwakuta hospitalini bado nina Biblia kwapani. Alikuwa hajitambui. Nilikaa kwenye benchi la nje nikamwomba Mungu asife, na aibu yangu ni kwamba sikuwa namwombea yeye. Nilikuwa naomba mwanangu asiwe muuaji.

Hakufa. Siku ya tatu alifumbua jicho moja, la pili likawa limekwenda moja kwa moja.

Kwetu kuna desturi ya mfereji, na ndiyo niliyoivunja. Damu ikimwagika kwenye maji, tundu la ndiva halizibuliwi kwa mtu yeyote mpaka aliyeimwaga asimame ukutani na kusema kwa kinywa chake mwenyewe amefanya nini, na kwa nini. Si baba yake, si mjomba wake, yeye. Akishasema, mtu wa nyumba ya aliyeumizwa anachota maji ya ndiva kwa viganja, anamnawisha mikono, na jambo linaishia hapo. Mke wa kaka alikuwa ameshatamka kwamba kijana akisema ukutani, wao hawatakwenda polisi. Asiposema, watakwenda. Ulikuwa wakati wa maharage ya kiangazi. Siku nne ndiva ilikuwa imejaa mpaka inafurika, na chini yake mashamba ya watu yanakauka, na kila aliyepita uwanjani kwangu alinisalimu huku anatazama mawingu.

Siku ya tano mwanangu alipanda ukutani. Nilisimama pembeni yake kama mwenyekiti. Alikuwa amevaa shati la shule kwa sababu ndilo pekee lililokuwa safi. Akasema jina la baba yake mkubwa kwa heshima, akasema amempiga kwa mpini, mara mbili. Sauti yake ilikuwa imara kuliko nilivyotarajia. Halafu akasema, "Nilimpiga kwa sababu..." akanigeukia.

Nilijua kinachokuja. Niliyaona makande, taa, mdomo wangu unavyofanya kazi. Niliwaona watu arobaini wakigeuza shingo kutoka kwake kuja kwangu, na mke wa kaka pale mbele, na mchungaji nyuma. Nikamkata kauli. Nilisema mtoto huyu hana akili zake, mmemwona wenyewe juu ya jiwe lile, kutwa anaua watu kwenye simu, kile kitu kimemwingia damuni. Nilisema si yeye aliyempiga kaka yangu, ni gemu. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia, "Sema ndiyo."

Alinitazama kidogo. "Ndiyo," akasema. "Ni gemu."

Mke wa kaka akamnawisha mikono. Tundu likazibuliwa.

Baada ya hapo kijiji kilifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Mchungaji alihubiri juu ya simu Jumapili mbili mfululizo. Kile kibanda pale senta kilichokuwa na televisheni mbili za gemu kilifungwa kwa kufuli. Akina mama walikusanya simu za watoto wao, nyingine zilikuwa na kitabu cha biolojia na nyimbo za kwaya tu, wakazileta kwangu nizitunze, kwangu mimi, kwenye sanduku la kumbukumbu za zamu ya maji. Ya mwanangu niliiponda kwa jiwe mbele ya wajumbe wa kamati ya maji. Watu walinishika mkono, wakaniambia nimekuwa mkweli, wazazi wengine wanaficha. Nililala vizuri wiki ile, Mungu anisamehe.

Sikufikiria jambo moja: kwamba mwanangu naye angeniamini.

Shuleni walimwekea dawati lake peke yake, karibu na mlango. Hakuna aliyemtukana, walimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. Watoto wadogo waliokuwa wakimrukia mgongoni walianza kuitwa na mama zao akipita. Kwanza alijaribu kuwachekea. Halafu akaacha, akawa anapita njia ya juu, ya mbali. Binti yangu mkubwa alikuja kututembelea na mtoto mchanga, akataka kumpakatisha mjomba wake huyo mtoto. Mwanangu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Alisema hapana dada, mimi sifai kushika mtoto, naweza kumwumiza bila kujua.

Akaacha kushika jembe. Magugu ya tangawizi alikuwa akiyang'oa kwa vidole mpaka kucha zinatoka damu. Nilikuta panga letu limefichwa darini, nikadhani ni yeye ana mpango fulani, nikapandwa na hasira, kumbe alilificha ili lisiwe karibu naye. Kisha mke wangu akanieleza, akiwa amekaa kwenye kinu, hawezi hata kunitazama, kwamba mtoto anamwomba kila jioni amfungie mlango wa chumba kwa nje. Na yeye alikuwa akifunga. Ilikuwa wiki ya tatu anamfungia mwanawe kama mbuzi, na mimi sikujua.

Nilimwita nikamwuliza kwa nini. Alijibu kwa adabu sana, kama mtu anayemweleza daktari. Alisema, "Baba, siku ile sikuhisi kama gemu. Nilihisi ni mimi. Lakini wewe na watu wote mmesema ni gemu, kwa hiyo sasa sijui nikihisi ni mimi, ni nani. Naogopa nitampiga Mama."

Hapo ndipo ningesema. Mtoto alikuwa mbele yangu, tumekaa wawili tu. Nilimwambia amwombe Mungu, nikamshika bega, nikaenda kukagua mfereji ambao haukuwa na tatizo lolote.

Kaka alirudi nyumbani baada ya kama mwezi na nusu. Nilichelewa kwenda kumwona, nikajidai nina kazi. Siku niliyokwenda nilimkuta ameketi uani, kichwa kimenyolewa, mshono unaonekana, jicho limefunikwa na pamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamwekea mkungu wa ndizi. Nikaanza hotuba yangu ya gemu, niliyokuwa nimeizoea kiasi kwamba ilikuwa inajisema yenyewe.

Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza kama ni kweli Mama alimwita.

Nilimwuliza Mama gani, kama mpumbavu.

Akanieleza. Alisema mtoto alipomnyanyulia mpini alikuwa analia, na alipiga huku akisema, ulimwacha Bibi akikuita siku mbili mpaka akafa, na maji bado unaiba. Alisema maumivu ya kichwa yalikuja baadaye. La kwanza kumwumiza lilikuwa hilo, kwa sababu alikuwa halijui. Alijua Mama alikufa ghafla. Miaka yote hiyo ndivyo nilivyomwambia.

"Maji niliiba," alisema kaka yangu. "Hilo nitalijibu. Lakini niambie wewe, simu ya mtoto ilijuaje habari za Mama?"

Nikamwambia ndiyo, alimwita, tangu Jumanne mpaka Alhamisi. Nikamwambia na lile ambalo hata mke wangu halijui: kwamba ujumbe wa Tanga niliutuma siku ya Alhamisi, Mama akiwa amekwisha kufumba macho. Mwanzo nilidhani atapona. Halafu, akizidi kumwita yeye na si mimi niliyekuwa namlisha uji, nikaona wivu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na nikaona wivu. Kaka alilia kwa jicho moja. Hakunifukuza. Alisema tu kwamba yeye ameshanisamehe lake, atalibeba, lakini mtoto anatembea na mzigo usio wake, nikauchukue palepale nilipomtwisha. Hakusema nyumbani. Alisema ukutani.

Nilikwenda moja kwa moja shambani. Mwanangu alikuwa amechuchumaa kwenye tangawizi, anang'oa magugu kwa mikono. Nikachuchumaa na mimi, magoti yakalia. Nikamwambia maneno yale uliyosema mferejini ni yangu, kichwa kupasuliwa ni maneno yangu, la Bibi ni langu, mpini ni wangu, hakuna kilichokuingia damuni isipokuwa mimi.

Aliendelea kung'oa kidogo. Nilifikiri hakunisikia.

"Gemu nilikuwa naizima, Baba," akasema. "Wewe ulikuwa unaongea tunakula."

Kisha akaniuliza kama nitasema mbele za watu. Nikamwambia ndiyo. Akauliza lini. Nikamwambia siku ya msaragambo, wote watakuwepo. Aliuliza tena, kama mtoto mdogo anavyouliza kama kweli utamletea viatu, na nikamwapia. Jioni ile alikula sahani mbili. Mtihani ulikuwa umebaki wiki chache na alitoa daftari la hesabu, akalifunua mezani. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimeona uso wake mzima hivyo.

Pembe ililia Jumamosi. Asubuhi aliniamkia mlangoni, nikaitikia, tukapanda wote, yeye mbele. Tulitoa matope mpaka jua likawa kali. Kaka alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye jiwe upande wa pili, hakuna aliyejua kwa nini amejisumbua hivyo na hali yake. Kazi ilipoisha watu walijikusanya chini ya ukuta kusikia mgao wa zamu, kama ilivyo kawaida, nikapanda. Mwanangu alisimama mstari wa mbele kabisa. Alikuwa amenyoosha shingo.

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilikuwa nimeyasema njiani, nimeyasema nikiwa ndani ya matope. Nikamwona mchungaji. Nikawaona wale akina mama ambao simu za watoto wao ziko sandukuni kwangu. Nikawaza nani atamsikiliza mwenyekiti wa namna hii, nani atapokea meza ya Bwana akiniona nimesimama pale mbele. Nikamwona kaka yangu amenikazia jicho lake. Nikafumbua mdomo, nikasema mvua za vuli zinaonekana zitachelewa, tugawane maji kwa upendo, kila mtu aheshimu zamu ya mwenzake. Nikasoma zamu, zote, mpaka jina la mwisho. Nikasema, "Haya, zibueni."

Watu wakashangilia maji yalivyotoka, wakatawanyika na majembe yao. Kaka akanyanyuka akaondoka bila kunitazama. Mwanangu hakuondoka. Alibaki pale chini ya ukuta mpaka mtu wa mwisho akapotelea migombani, kama anayeona huenda nilikuwa nasubiri tubaki wachache. Nilijifanya nakunja karatasi ya zamu. Nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Halafu akasogea karibu, akainamisha kichwa kidogo, na akaniambia, "Shikamoo, mzee," kama anavyoambiwa mgeni uliyekutana naye njiani.

Nikaitikia, marahaba. Akateremka.